Nguo za mvua za kuwindia: nyepesi, imara na zisizo na kelele. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Kwanza, mambo ya msingi

Koti la mvua la kawaida halitoshi?

Linatosha kama unakaa sehemu moja, mvua ni ya saa moja na mnyama yuko mbali. Likianza kutumika kwa kunyatia, mapungufu yake hujitokeza haraka: linachakacha kila ukiinua mkono, kofia yake inaziba masikio, na mabega yanavuja mahali mkanda wa bunduki unaposugua. Nguo ya kuwindia hudaiwa mambo manne kwa pamoja: izuie maji, itoe jasho, inyamaze, na ihimili miiba. Hakuna nguo inayofaulu yote manne kwa kiwango cha juu na bado ikawa nyepesi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza koti gani ni zuri, jiulize unawinda kwa kutembea au kwa kuotea. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanategemea hilo.

Kuna tofauti gani kati ya nguo inayozuia maji na inayostahimili maji?

Inayostahimili maji ina kitambaa kilichofumwa kwa karibu na kupakwa dawa ya kufukuza maji. Manyunyu hayaisumbui, lakini mvua ya kweli huipita baada ya muda. Inayozuia maji ina utando au mpako ndani ya kitambaa, na mishono yake imezibwa kwa utepe. Geuza koti nje-ndani uangalie mishono. Usipoona utepe unaong'aa juu ya kila mshono, hata ule wa kofia na wa mifuko, hilo litavuja kwenye matundu ya sindano hata kama lebo yake inasifu namna gani. Wengine huziba mishono ya mabega na kofia tu. Lebo huandika “mishono muhimu imezibwa”. Kwa mvua ya siku nzima, tafuta iliyozibwa yote.

Namba kama 10,000 au 20,000 kwenye lebo zina maana gani?

Ni namba mbili tofauti ambazo mara nyingi huandikwa pamoja. Ya kwanza, kwa milimita, ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajapenya. Ya pili, kwa gramu, ni kiasi cha mvuke kinachopita kwenye mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24.

Namba ya milimita ina hesabu rahisi: milimita 10,000 za maji ni mgandamizo wa takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mvua inayokupiga kifuani haifiki hapo. Ila ukipiga goti moja ili kulenga, na kilo 40 za mwili wako zikatua kwenye sentimita 40 za mraba za goti juu ya majani yaliyolowa, tayari umefikia 10,000. Ndiyo maana suruali huvuja magotini na matakoni wakati kifua ni kikavu, na koti huvuja chini ya mikanda ya begi. Kwa koti la kuotea, 10,000 inatosha. Kwa suruali ya mtu anayepiga magoti, na kwa koti linalobebewa begi zito, tafuta 15,000 hadi 20,000. Zaidi ya hapo unanunua namba tu.

Namba ya mvuke ichukue kwa tahadhari. Hupimwa maabara, njia za kupimia ni nyingi na hazilingani, kwa hiyo kulinganisha koti la kampuni moja na la nyingine kwa namba hiyo peke yake hakukupi jibu la kuaminika.

Mbona ninalowa ndani na koti halina hata tundu moja?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na mara nyingi koti halina kosa. Maji hayo ni jasho. Mtu anayepanda mlima na mzigo anaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa. Koti la gramu 10,000 kwa siku hupitisha takriban gramu 415 kwa saa kwa kila mita ya mraba, tena katika hali nzuri ya maabara. Hesabu inakataa kabla hujafika porini.

Kuna sababu ya pili. Mvuke husafiri kutoka upande wenye mvuke mwingi kwenda upande wenye mvuke mchache. Mvua ikinyesha, hewa ya nje nayo imejaa unyevu, hivyo kinachosukuma jasho litoke ni joto la mwili wako peke yake. Kwenye baridi hilo linasaidia. Kwenye mvua ya joto, utando wa bei kubwa na wa bei ndogo hukaribiana sana.

Sababu ya tatu ni kitambaa cha nje kunywa maji; imeelezwa kwenye swali la maji kutoviringika, sehemu ya matunzo.

## Kitambaa na jinsi kilivyotengenezwa

Tabaka mbili, mbili na nusu, tatu: nichague lipi?

Tabaka mbili: utando umegandishwa kwenye kitambaa cha nje, na ndani kuna bitana inayoning'inia. Ni laini na haina kelele sana, lakini ni nzito na bitana ikilowa huchelewa kukauka. Tabaka mbili na nusu: ndani hakuna bitana, kuna rangi au mpako mwembamba tu unaokinga utando. Ndilo jepesi kuliko yote, mara nyingi gramu 200 hadi 350, na hukunjika likaingia mfuko wa suruali. Tatizo lake ni kunata kwenye ngozi ukitoka jasho, na mpako wa ndani huchakaa mapema mabegani. Tabaka tatu: kitambaa, utando na kitambaa chembamba cha ndani vimegandishwa kuwa kitu kimoja. Koti la kuwindia la tabaka tatu huwa kati ya gramu 450 na 750.

Anayewinda siku nyingi za mvua anunue tabaka tatu. Tabaka mbili na nusu lifae kama koti la akiba, lile linalokaa begini siku tisa na kuvaliwa ya kumi.

Koti jepesi linaweza kweli kuhimili miiba?

Angalia denia ya kitambaa cha nje. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, uzi unanenepa. Denia 10 hadi 20 ni ya njia safi iliyolimwa, kichaka cha miiba kinaichana siku ya kwanza. Denia 30 hadi 50 ni wastani mzuri. Denia 70 na kuendelea huvumilia kutambaa kifudifudi, na uzito wake unausikia.

Nailoni huhimili msuguano kuliko poliesta ya unene uleule, lakini hunywa maji kuliko poliesta na kulegea ikilowa. Kitambaa chenye vijisanduku vya nyuzi nene kila milimita chache hakizuii mwiba kuingia, bali huzuia tundu lisiendelee kuchanika. Ujanja unaofaa ni koti jepesi lililoongezewa kitambaa kizito mabegani, viwikoni na kiunoni tu, na suruali iliyoongezewa magotini na matakoni. Unabeba uzito palepale panapochakaa.

PVC na mpira vikoje? Havivuji kabisa.

Kweli havivuji, na kwa kukaa kwenye mtumbwi au ulingo asubuhi nzima si chaguo baya. Lakini havipitishi mvuke hata kidogo. Ukitembea nusu saa umejichemsha. PVC hukakamaa kwenye baridi na kupasuka penye mikunjo, hunuka ikiwa mpya, na seti ya koti na suruali inaweza kupita kilo moja na nusu. Kuna nguo za mpako wa poliurethani juu ya kitambaa cha kuvutika ambazo ni laini na kimya kuliko PVC. Anayetaka nguo isiyopitisha kitu kwa kuotea, aanzie hapo.

Na poncho?

Poncho ya nailoni yenye silikoni ina gramu 250 hadi 400, inafunika na begi, hewa inapita chini yake, na jioni unaifunga kwa kamba ikawa paa. Kwa kuotea bila upepo ni vigumu kupata kitu kinacholingana nayo. Kwa kunyatia haifai: inanasa kila kijiti, inapepea, na mikono ya chini inalowa ukilenga.

Onyo moja la usalama: pindo la poncho linaloning'inia linaweza kunasa triga. Ukiwa na bunduki chini ya poncho, usiingize risasi chemba kabla hujakaa na kukusanya pindo mbali na mikono. Poncho yenyewe ifunge kiunoni kwa mkanda.

Pamba iliyopakwa nta bado inafaa?

Ni kimya na miiba haiichani kirahisi. Ni nzito pia, huzidi kuwa nzito ikilowa, na lazima ipakwe nta upya mara nta inapopungua kwenye mikunjo. Kwenye ukurasa unaozungumzia wepesi, jibu ni hapana.

Nitajuaje koti lina kelele kabla ya kulinunua?

Usilisikilize ukiwa umelishika mkononi, livae. Kisha fanya mambo matatu mahali pasipo na muziki. Kwangua mkono wa koti kwa ukucha kutoka kiwiko hadi kifundo: sauti kali, nyembamba kama ya karatasi ndiyo inayosafiri mbali na isiyofanana na chochote cha porini. Sugua mkono kwenye mbavu kama unavyotembea. Mwisho, inua mikono kama unayelenga na usikilize kwapani.

Kitambaa chenye uso uliokwaruzwa kuwa na vinyweleo, au kilichosukwa kwa vitanzi kama sweta badala ya kufumwa bapa, hutoa sauti nzito na ya chini inayomezwa na mvua. Gharama yake ni kwamba vinyweleo hushika maji, kwa hiyo hukauka polepole na huongeza gramu 100 au zaidi.

Na usisahau velkro. Koti kimya lenye velkro mikononi hukusaliti kwa sauti moja tu. Likaze kabla hujafika eneo la windo na usiliguse tena, au chagua vifungo vya kubonyeza.

## Mkato, mifuko na rangi

Nipime nini dukani zaidi ya saizi?

Nenda umevaa nguo zote za ndani unazowindia. Inua mikono hadi mahali pa kulenga: pindo la chini lisipande juu ya mkanda, na mwisho wa mikono usirudi nyuma ya kifundo. Geuza kichwa kushoto na kulia kofia ikiwa imekazwa. Kofia nzuri inageuka na kichwa. Ukijikuta unatazama bitana, iache dukani. Ukingo wa mbele wa kofia uwe na waya au plastiki ngumu, la sivyo utalegea na kumwaga maji kwenye kitako cha bunduki na kwenye macho.

Mikono yenye lastiki peke yake hunyonya maji. Ukishika darubini machoni kwa dakika kumi, maji hutiririka kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Unahitaji kifungo cha kukaza. Wapiga upinde wakaze mkono mzima wa upande wa upinde kwa kilinda-mkono, kwa sababu kitambaa kilicholegea huguswa na upote na kupoteza mshale.

Urefu: kwa kuotea, koti lifike katikati ya paja, kwani koti fupi humwaga maji yote mapajani. Kwa kutembea, fupi linatosha ikiwa suruali inapanda juu kiunoni.

Zipu za kwapani zina umuhimu au ni urembo?

Zina umuhimu kuliko gramu 5,000 za mvuke za ziada kwenye lebo. Hewa inayoingia na kutoka hutoa mvuke mwingi kuliko utando wowote. Zinaongeza uzito wa takriban gramu 30 hadi 60. Zipu zenye mpako wa plastiki ni nyepesi lakini mpako hupasuka kwenye kona kadiri miaka inavyopita. Zipu ya kawaida iliyofunikwa na ulimi wa kitambaa hudumu zaidi na ni nzito kidogo.

Suruali ya mvua ni lazima?

Kwenye majani marefu ni muhimu kuliko koti, kwa sababu majani yaliyolowa hukumwagia maji mapajani hata mvua ikiwa imekatika saa mbili nyuma. Chagua yenye zipu ya pembeni inayofika angalau gotini, ili uivae bila kuvua buti. Miguu ya suruali ipite nje ya buti. Ukiichomeka ndani, umetengeneza mfereji.

Rangi ya chungwa inayong'aa haitafukuza wanyama?

Wanyama wengi wenye kwato wana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, na chungwa kwao hufifia likawa kama kijani kibichi cha majani au kijivu. Binadamu, kinyume chake, huliona haraka, na katika ukungu wa mvua hilo ndilo linalokuepusha na risasi ya mwenzako. Sehemu nyingi sheria hulitaka, tena juu ya nguo zote: fulana ya chungwa iliyofunikwa na koti la mvua la madoa haihesabiki. Wanachoona vizuri wanyama hao ni upande wa bluu, kwa hiyo epuka sabuni zenye ving'arisha, ambavyo huirudisha nuru ikiwa ya bluu.

## Ukiwa porini

Nivae nini chini ya koti?

Si pamba. Pamba hushika maji mengi na kuyaachia polepole, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Mtu aliyelowa anaweza kupatwa na hatari ya baridi mwilini hata joto likiwa nyuzi 10. Shati jembamba la sufu au poliesta liguse ngozi. Juu yake, kama ni baridi, sweta ya poliesta yenye manyoya. Sufu hubeba unyevu hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujaisikia imelowa.

Nivae koti mapema au nisubiri?

Ukitembea, subiri. Beba koti juu kabisa ya begi, tembea polepole, na livae mvua inapoanza kupenya shati. Kupanda mlima na koti lililofungwa hadi kooni ndiyo njia ya haraka ya kufika juu umelowa. Ukiotea, fanya kinyume: subiri jasho likauke dakika kumi, badilisha shati, kisha vaa kila kitu kabla ya tone la kwanza.

Mvua ya joto nayo?

Kama huwezi kupoa, si lazima ubaki mkavu. Kwenye joto la nyuzi 25 na zaidi wengi wenye uzoefu huvaa shati jembamba linalokauka haraka na kulowa kwa hiari, huku nguo kavu zikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya jioni. Poncho ni chaguo la pili.

Kwenye ulingo, mikanda ya usalama ivaliwe juu au chini ya koti?

Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa mikanda. Mingi huvaliwa juu, ambapo unaweza kuikagua. Koti liwe jepesi kiasi cha kutojikunja chini ya mikanda ya mapajani. Kamba inayokwenda kwenye mti hunyonya maji na kuyaleta shingoni. Usiilegeze kwa sababu hiyo; urefu wake ufuate maelekezo ya mtengenezaji.

## Matunzo na matengenezo

Maji hayaviringiki tena, yanazama kwenye kitambaa. Koti limekufa?

Bado. Dawa ya kufukuza maji kwenye uso wa nje, inayoandikwa DWR kwenye lebo, imezibwa na uchafu au imechakaa. Utando ungali unazuia maji, ila kitambaa kilicholowa hukuibia joto na kuziba njia ya jasho, kwa hiyo unahisi kama linavuja. Osha kwanza, kausha kwa joto dogo, kisha mwagia maji. Yakiviringika kama kwenye jani la mgomba, kazi imekwisha. Yasipoviringika, paka dawa mpya ya kupulizia. Ya kupuliza ni bora kuliko ya kulowekea kwa koti lenye kitambaa cha ndani, kwa sababu haigusi upande unaotakiwa kunyonya jasho.

Dawa mpya zisizo na PFAS (kemikali zenye florini zinazofukuza maji na mafuta) hufukuza maji vizuri lakini mafuta ya ngozi na ya bunduki huzishinda mapema, hivyo zinataka kuoshwa mara nyingi zaidi.

Linaoshwaje?

Funga zipu zote na velkro. Damu iloweshe kwanza kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha. Tumia sabuni ya maji isiyo na kilainishi wala ving'arisha, maji ya nyuzi 30 hadi 40, na suuza mara mbili. Mabaki ya sabuni huvuta maji. Usiweke dawa ya kung'arisha nguo na usikamue kwa kusokota. Lebo ikiruhusu, likaushe kwenye mashine kwa joto dogo dakika 20, au lipige pasi ya chini kupitia kitambaa kikavu. Joto hilo huiamsha dawa iliyolala.

Nimetoboa kwa mwiba. Naziba vipi?

Porini, kausha eneo na bandika kiraka cha kujigandisha kilichokatwa kona za mviringo, kwani kona kali hubambuka, kikipita tundu kwa sentimita mbili kila upande. Nyumbani, safisha kwa spiriti, acha ikauke, bandika upande wa nje, na kwa mpasuko mrefu ongeza kingine ndani. Kandamiza kwa dakika moja na usilivae kwa saa 24.

Nailoni yenye silikoni ni kisa kingine. Viraka vya kawaida na gundi ya poliurethani havishiki kabisa. Ni silikoni pekee inayoshika silikoni. Wala usishone kwa sindano bila kuziba, utakuwa umeongeza matundu ishirini kutibu moja.

Ndani panabambuka kama ngozi iliyoungua na kunata. Linatengenezeka?

Hapana. Mpako wa poliurethani umevunjwa na unyevu na joto, na hakuna dawa ya kuurudisha. Mara nyingi chanzo ni koti kukunjwa likiwa bichi na kusahauliwa kwenye begi au buti ya gari. Ning'iniza likauke kabisa kila baada ya safari, na usiliweke limebanwa kwa miezi. Utepe wa mshono ukiachia pekee, hilo linatengenezeka: ung'oe, safisha kwa spiriti, paka gundi ya mishono.

Dawa ya mbu na moto wa kambi vinadhuru?

Dawa yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, huyeyusha baadhi ya plastiki. Ipake kwenye ngozi, ikauke, ndipo uvae, na futa mikono kabla ya kushika zipu zenye mpako. Moto: cheche moja hutoboa nailoni, na matundu hayo huwa madogo kiasi kwamba utayagundua mvua ijayo. Kaushia koti mbali na moto, na ukikaa motoni vaa sufu juu yake.